Mkataba mfupi unafanya watu wachape kazi? Tuangalie tija yenyewe

Mada ya mikataba ya muda ikiibuka naona tunagawanyika haraka sana, huyu anaongelea haki za wafanyakazi, yule anasema mkiwapa watu ajira ya kudumu wanabweteka na biashara inakufa. Mimi nataka niongelee tija, yaani kampuni inatoa nini kwa mashine zile zile na masaa yale yale, maana hapo ndipo naona waajiri wengi wanajiumiza wenyewe halafu wanadhani wamebana matumizi.

Hoja ya waajiri ina uzito, tusiibeze. Masika yakishika miwa haikatwi na kiwanda cha sukari kinasimama, sasa unawalipaje watu wote mwaka mzima? Viwanda vya tumbaku pale Morogoro navyo ni msimu. Sheria yetu ya ajira ya 2004 ilibana kweli, mkataba wa muda maalum ukawa wa wataalamu na mameneja, ndo maana marekebisho ya 2025 yakafungua mlango kwa kazi za msimu, miradi, na kipindi kazi inapoongezeka kwa muda. Kwa hilo naunga mkono kabisa. Na habari ya kubweteka nayo si uzushi, kuna utafiti ulifanyika kwenye benki moja kubwa ya Italia, wafanyakazi wapya walikuwa na majaribio ya wiki 12, walipovuka hapo na kuwa wagumu kufukuzwa siku za kutokuja kazini zikapanda, hasa kwa wanaume.

Ila angalieni vizuri, wale wa benki walikuwa wanakimbilia kitu. Wiki 12 zikiisha kuna ajira ya uhakika, lazima ujikaze. Mtu wa kwetu anayepewa mwaka, halafu mwaka, na kila mtu pale kazini anajua hamna anayethibitishwa, anajikaza kwa ajili ya nini?

Niliwahi kuwa supavaiza kwenye kiwanda cha maji ya chupa, Dar. Tulikuwa na dada mmoja kwenye mashine ya kupuliza chupa. Ile mashine inapasha moto vile vichupa vidogo kwanza ndo ipulize, na umeme ukishuka kidogo au joto la mchana likipanda chupa zinaanza kuwa na weupe. Sasa weupe uko wa aina mbili, ule unaometa kama lulu maana yake moto ni mdogo, ule kama ukungu maana yake moto umezidi. Asiyejua anaongeza moto kwenye ukungu anaharibu kabisa. Yule dada alikuwa anainua chupa moja anaigeuza kwenye mwanga, anaenda kurekebisha taa mbili tu kati ya zote zinazopasha moto, basi, kazi inaendelea. Hakufundishwa na mtu, ilimchukua karibu mwaka mzima kuijua ile mashine.

Mkataba wa pili ulipokaribia kuisha nikaomba apelekwe mafunzo na waliotuuzia mashine, jibu la ofisi likawa "wa nini, anaondoka huyu". Na kweli hawakumuongezea. Sababu niliyoambiwa ni kwamba sheria inasema mtu akiwa na matarajio ya msingi ya kuongezewa mkataba halafu ukakataa, hiyo inahesabika umemwachisha kazi, anaweza kukupeleka CMA, ile tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, kwa hiyo bora umtoe mapema kabla hajazoea. Miezi mitatu ya mwisho dada wa watu alikuwa anakuja kwa wakati, anafanya kazi yake, lakini vijana wakimuuliza kitu anajibu kwa mkato. Simlaumu, ule ujuzi ndo kitu pekee alichokuwa anaondoka nacho. Alipoondoka wiki mbili mfululizo magunia ya chupa mbovu yalifika mlangoni, na kwenye hesabu za ofisi mwezi ule ulisomeka tumepunguza gharama za watu.

Hispania wamepita hii njia kabla yetu. Mwaka 1984 walilegeza sheria ili kampuni ziajiri kwa muda kirahisi, na kufika mwanzoni mwa miaka ya 90 karibu theluthi ya waajiriwa wote walikuwa wa mikataba ya muda, wakabaki hapo hadi karibu 2007. Theluthi nzima ya nchi! Hao si wa msimu wa utalii na mavuno tu, ni watu wa kazi za kila siku wanaozungushwa. Wachumi waliochambua viwanda vyao wakakuta pale ambapo mtu wa muda ana nafasi ndogo ya kuthibitishwa, anajituma kidogo, kampuni nayo haimfundishi, na tija ya kiwanda inashuka. Ni kile kile cha mashine yetu ya chupa ila kwa nchi nzima. Mdororo wa uchumi ulipokuja watu wa muda ndo walitolewa kwanza, ukosefu wa ajira ukatoka kama asilimia 8 mwaka 2007 hadi karibu 26 mwaka 2013, na kila aliyetoka aliondoka na alichokijua.

Walipobadili sheria mwisho wa 2021 hawakuwaambia wenye hoteli na mashamba walipe watu miezi ambayo kazi haipo. Walisukuma kazi za msimu ziende kwenye mkataba wa kudumu wa vipindi, msimu ukiisha unaenda nyumbani, ukianza unaitwa wewe kwanza. Sehemu ya wafanyakazi wa muda ikashuka kutoka karibu robo hadi kama asilimia 17 mwaka 2023. Wakosoaji wanasema baadhi ni kubadilisha jina tu maana mtu bado anakaa miezi bila mshahara, na hilo ni kweli. Ila kwa upande wa kiwanda tofauti ni kubwa, fikiria kinu cha sukari kinafunguliwa baada ya masika na fundi anayeingia ni yule yule wa msimu uliopita, anajua bomba lipi lilikuwa linavuja wakati wanafunga.

Kwenye marekebisho yetu ya 2025 hicho ndo nakiona kimekosekana. Kazi ya msimu imeruhusiwa, lakini kumrudisha yule yule aliyeijua mashine bado ni hiari ya ofisi.