Ungependa kuishi zama zipi? Kabla hujajibu angalia bili alilipa nani

Kuna swali linapenda kuibuka vijiweni hasa umeme ukikatika na simu zimeisha chaji: ungepewa nafasi ya kuchagua zama za kuishi ungechagua zipi? Majibu ya huku kwetu yanajulikana. Wazee wengi watakwambia enzi za Mwalimu kabla ya vita ya Kagera, wenye miaka arobaini na kitu watakwambia miaka ya tisini, na wapo waliosoma historia kidogo wanaoruka moja kwa moja mpaka Kilwa ya dhahabu. Kila jibu nalielewa, ila mimi nina kipimo changu na sipendi kukisema hewani hewani maana kinaonekana cha mtu mwenye gubu. Kipimo ni hiki, lile jambo zuri linalokuvuta kwenye zama flani, nani alilipa bili yake?

Tuanze na Kilwa kwasababu ndio yenye utamu. Mwaka 1331 alifika Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, na akaandika kwamba ni katika miji mizuri na iliyojengwa vizuri. Sultani alikuwa al-Hasan bin Sulaiman, watu wakimwita Abul Mawahib, baba wa zawadi, kwa jinsi alivyokuwa mkono wazi. Dhahabu ilitoka upande wa Sofala huko kusini, ikipita Kilwa inakatwa ushuru, na hela hiyo ndio ilijenga Husuni Kubwa, jumba la vyumba zaidi ya mia juu ya bahari likiwa na bwawa la kuogea lenye pembe nane. Pembe nane jamani, karne ya 14. Vyombo vya China vilikuwepo, sarafu za shaba walikuwa wanatengeneza wenyewe, na chakula usiseme, huyo huyo Ibn Battuta alipopita Mogadishu kabla ya kufika Kilwa alikuta wali wa samli umemwagiwa kuku, nyama, samaki na mboga, pembeni kuna ndizi zilizopikwa kwenye maziwa na achari ya ndimu, akasema mtu mmoja wa pale anakula sawa na kundi zima la watu wa kwao. Mtu akisoma hapo lazima aanze kufunga mizigo.

Sasa angalia kisa anachokitoa kuonyesha huo ukarimu wa Sultani. Ijumaa moja Sultani anatoka msikitini, fakiri wa Yemen akamsimamisha akamuomba nguo alizovaa mwilini. Sultani hakubisha, akaingia ndani akavua, akavaa nyingine, akampa. Watu wakafurahi sana. Mtoto wa Sultani akaona nguo za baba haziwezi kwenda hivi hivi, akazichukua akampa fakiri watumwa kumi badala yake. Sultani aliposikia watu wanavyolisifia jambo hilo akaagiza fakiri aongezewe watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Soma tena taratibu. Watu ishirini wamebadilisha mwenyewe kwa sababu ya suti moja ya nguo, na kwa mwandishi hilo ni tukio la kusifia. Sibishi kwamba Sultani alikuwa mkarimu kweli, ila anayesema angeishi Kilwa anajiona amekaa safu za mbele pale msikitini, hamna hata mmoja nimewahi kumsikia akijiweka kwenye wale ishirini.

Watetezi wa Kilwa wana jibu na sio jibu jepesi. Wanasema utumwa wakati ule ulikuwa dunia nzima, usichukue macho ya leo kuhukumu jana, na katikati ya Sultani na mtumwa kulikuwa na watu kibao, wavuvi, mafundi wa kuchonga matumbawe, wafumaji wa pamba, watu waliokuwa na maisha yao bila kuuzwa wala kuuza. Hapo nakubali. Mvuvi wa Kilwa wa 1331 pengine alikula vizuri kuliko wavuvi wengi wa leo, samaki walikuwa wengi na nyavu chache. Ila huyo mvuvi ndui ikiingia kijijini hana pa kwenda, mkewe akikwama kujifungua hana pa kwenda, na wajukuu wa wajukuu zake ndio waliomuona Francisco de Almeida na Wareno wake mwaka 1505 wakipora mji. Bahati ya zama inategemea pia umezaliwa mwanzo wake au mwisho wake na hilo huwezi kulijua ukiwa ndani.

Kuna mfano mwingine wa karibu zaidi ambao nitaupita haraka kwasababu bado una moto. Unguja ya mwaka 1963, kabla tu ya mapinduzi. Kuna familia Muscat kule Oman mpaka leo zinaongea Kiswahili cha mjini Unguja na ukikaa nao kwenye kahawa mwaka huo unasimuliwa kama pepo iliyopotea. Nenda kwa mzee wa Ng'ambo, upande wa pili wa mji, au wa shamba ambaye babu yake alichuma karafuu za watu, mwaka huo huo anausimulia kama mwisho wa giza. Wote wawili hawadanganyi. Na hawakukaa mbali, ni kuvuka barabara tu.

Haya, tuje kwenye zama zinazopigiwa kura na wengi, Tanzania ya kuanzia uhuru mpaka hapo 1978. Hizi naomba nizitendee haki maana vijana wengi wanazibeza bila kuzijua. Chuo kikuu Dar kilianza Oktoba 1961 na wanafunzi 14, wote wa sheria, jengo lenyewe la kuazima kwa TANU pale Lumumba. Ukimaliza kazi inakusubiri. Kidato cha nne tu ulikuwa mtu, unavaa shati jeupe unakaa ofisini. Dola ilikuwa shilingi saba na senti kidogo. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo wakaandamana kupinga Jeshi la Kujenga Taifa la lazima, Mwalimu akakasirika akawafukuza zaidi ya mia tatu, ila hapo hapo akajikata mshahara wake mwenyewe asilimia 20. Nitajie zama nyingine kiongozi amejikata mshahara kwa hasira. Dar ilikuwa imejaa wapigania uhuru wa Msumbiji, Afrika Kusini, Zimbabwe, mtu wa kawaida unakunywa chai meza moja na mtu ambaye baadae atakuwa waziri wa nchi yake. Usiku unamsikiliza Mbaraka Mwinshehe au Nuta Jazz. Na Februari 1974 Filbert Bayi anakimbia mita 1500 kule Christchurch, anaongoza kuanzia mwanzo mpaka mwisho na anavunja rekodi ya dunia. Mtu aliyekuwa na miaka ishirini wakati huo aliamini kabisa kesho itakuwa nzuri kuliko leo, na hiyo imani ni mali, ni kitu ambacho mimi kizazi changu hatujawahi kuwa nacho kwa kiwango kile.

Sasa lete bili. Kidato cha nne alipata kazi kirahisi kwasababu waliofika kidato cha nne walikuwa wachache mno, watoto wengi walibwagwa darasa la saba au hawakuona darasa kabisa, kwaiyo ile ajira ya uhakika anayoisimulia mzee wako ililipiwa na wenzake wote wa kijijini ambao hawakupata nafasi na leo hawapo kwenye hiyo stori. Kile kijiji cha ujamaa kilichoimbwa redioni, kuanzia Novemba 1973 kuhamia vijijini ikawa amri, mamilioni wakahamishwa na sehemu nyingine nyumba zao za zamani zikachomwa ili wasirudi. Na wale wanaosema mji ulikuwa umetulia hauna machinga kila kona, ulitulia kwasababu asiye na kazi alikuwa anakamatwa anarudishwa kijijini, na mwaka 1983 ikaja mpaka sheria yake, ile ya Nguvu Kazi. Machinga hawakukosekana, walipakiwa kwenye malori.

Alafu kuna takwimu moja ambayo mimi ndio inanimaliza. Mwaka 1960 kwenye watoto elfu moja waliozaliwa nchini karibu mia mbili na arobaini hawakufika miaka mitano. Utafiti wa kitaifa wa 2022 umekuta ni 43. Yaani ilikuwa karibu mtoto mmoja kwa kila wanne, na ndio maana ukimuuliza bibi yeyote wa umri ule amezaa wangapi lazima swali linarudi kwako, wangapi hai au jumla? Mke wangu mtoto wa kwanza alijifungua kwa operesheni, kitu cha saa moja, mchana tukawa tunabishana kuhusu uji. Mwaka 1968 kijijini kwa babu yangu hiyo safari ya kwenda kwenye operesheni ni kitanda cha kamba, watu wanne mabegani, na mto katikati. Hapo nikiambiwa habari za muziki mzuri wa zamani nasikiliza kwa heshima tu.

Wapenzi wa miaka ya tisini nao wasijifiche. Ni kweli ruksa ya Mzee Mwinyi ilileta nguo madukani, televisheni bara ikaingia 1994, vijana wakaanza kurap Kiswahili. Ila ndio miaka ambayo kila mtaa ulikuwa na nyumba yenye mgonjwa asiyetajwa ugonjwa wake, na mpango wa kitaifa wa kugawa ARV, dawa za UKIMWI, ulianza 2004. Ukichagua 1993 unachagua na hilo.

Kwaiyo leo ndio bora? Hapa lazima kipimo nikigeuze kwangu vinginevyo nakuwa mnafiki. Simu ninayoandikia hii ina betri, betri ina kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka Kongo, mengi yake maeneo ya Kolwezi. Kuna watu kule, wanaongea Kiswahili kama mimi tu lafudhi ndio tofauti, wanaingia kwenye mashimo waliyochimba kwa mikono, mengine yanawafukia, na kuna watoto humo. Miaka mia saba ijayo mtu atasoma kwamba watu wa zama zetu waliongea na ndugu zao wa nje uso kwa uso kwa kutumia kioo cha mfukoni, atatamani kuhamia, na atajiweka upande wa kushika kioo bila shaka. Sioni tofauti kubwa na yule anayejiweka safu ya mbele pale Kilwa.

Lakini tofauti ndogo ipo na kwangu inatosha kuamua. Leo bili yetu ina majina, kuna picha, kuna watu wanapiga kelele mahakamani na mitandaoni, wakati wale ishirini wa 1331 waliandikwa kama idadi ya zawadi. Na yule mtoto wa mchimba shimo wa Kolwezi, hata yeye kwenye umaskini ule, chanjo ya surua ikimfikia ana nafasi ya kuishi ambayo mtoto wa tajiri wa zamani hakuwa nayo. Kwaiyo nachagua kubaki hapa hapa, na ajira zetu za kuungaunga na foleni za mwendokasi, kwa kura ya wengi sio ya asilimia mia.

Kama mtu atanilazimisha kurudi nyuma basi nina mpaka wangu, sivuki mwaka 1980. Mgonjwa wa mwisho wa ndui ya kuambukizwa kawaida duniani alipatikana Merka, Somalia, Oktoba 1977, huku huku kwenye pwani yetu, na 1980 ndio WHO ikatangaza rasmi imeisha. Najua Tanzania ya 1980 ni foleni ya duka la kaya, lile la bidhaa za mgao, unapanga jiwe lako alfajiri likushikie nafasi, na ukifika dirishani unaambiwa sabuni imeisha. Sawa tu. Nguo nitafua kwa majani ya mpapai.