Anna Magnani hakuibuka mwaka 1945

Akitajwa tu Anna Magnani, mwigizaji wa Italia, watu hukimbilia zile sekunde chache za Roma città aperta, filamu ya 1945 ya mwongozaji Rossellini. Lori la Wajerumani linaondoka na mchumba wake. Pina, ndiye Magnani, anajinasua mikononi mwa askari, anakimbia katikati ya barabara, mkono juu, akiita "Francesco! Francesco!" Risasi zinalia. Anaanguka puu, sketi imepanda, soksi ndefu nyeusi ziko nje. Mwanawe anamrukia akilia. Na siku hiyo ndiyo ilikuwa harusi ya Pina na Francesco, tena mama mwenyewe mjamzito.

Nimeirudia mara nyingi mno na bado siizoei. Nikijua kwamba Pina amechotwa kwa mwanamke wa kweli, Teresa Gullace, aliyepigwa risasi Roma Machi 1944 akiwa na mimba, ndiyo nashindwa kabisa.

Ninachogombana nacho ni lile neno "aliibuka", eti filamu hii ya 1945 ndiyo iliyomzaa Magnani. Wanaandika kana kwamba Rossellini alimwokota sokoni na kapu lake la mboga, akamwambia haya, kimbia. Jamani! Mwaka ule Magnani alikuwa na miaka 37. Alizaliwa Roma tarehe 7 Machi 1908, akalelewa na bibi mzaa mama kwa kuwa mama yake alihamia Alexandria, Misri. Alisomea uigizaji, akaimba kwenye vilabu vya usiku, akazunguka na vikundi vya maigizo. Filamu alikuwa akizicheza tangu miaka ya 1930, ila sura yake haikuwa ile iliyopendwa na kamera za siku hizo, kwa hiyo alipewa vijisehemu.

Shule yake kubwa ilikuwa ile michezo ya jukwaani waliyoiita rivista: nyimbo, mizaha, vichekesho vifupi vifupi. Miaka ya vita alisimama humo pamoja na Totò, bingwa wa vichekesho wa Italia nzima. Watazamaji wa michezo ya namna ile hawana simile, wakichoka wanakuzomea. Hakuna "kata, turudie". Mzaha ukidoda umedoda, na wewe umesimama palepale, taa zinakumulika jasho lako.

Sasa irudie filamu ile kwa jicho hilo. Dakika chache tu kabla ya Pina kufa, padri Don Pietro anajifanya anamwombea mzee anayekata roho ili kuwahadaa wanajeshi wanaopekua nyumba, na mzee alipogoma kunyamaza, anatulizwa kwa kikaango cha kichwa. Padri ni Aldo Fabrizi, naye mchekeshaji wa jukwaani. Yaani msiba mkubwa wa sinema ya Italia ulibebwa na wachekeshaji wawili! Hadhira bado meno nje, mara lori linawashwa. Pigo la namna hiyo anajua kulipima mtu aliyewahi kuchekesha ukumbi kwa ujira.

Mimi lakini filamu yangu ni Bellissima, ya mwongozaji Visconti, 1951. Magnani ni Maddalena, mama anayezunguka nyumba za watu akidunga sindano ili apate hela, na ndoto yake ni bintiye mdogo awe nyota wa Cinecittà, studio kubwa za filamu za Roma. Kuna mahali anajichana nywele mbele ya kioo na kujiuliza kuigiza ni nini hasa. Labda ni kujifanya mtu mwingine tu. Analisema kama anayewaza bei ya nyanya. Baadaye anachungulia kutoka chumba cha mtambo wa kuonyeshea filamu, anawaona wakubwa wa sinema wakimcheka mtoto wake anavyolia kwenye picha. Hapigi kelele papo hapo. Uso unazimika kwanza.

Oscar aliipata mwaka 1956 kwa filamu ya The Rose Tattoo, mwanamke wa kwanza wa Italia kushinda tuzo ya mwigizaji bora wa kike. Mwandishi wa Marekani Tennessee Williams alikuwa amemwandikia yeye tamthilia iliyozaa filamu hiyo, lakini kuicheza Broadway, kwenye majukwaa makubwa ya New York, alikataa kwa sababu Kiingereza chake kilikuwa hakijakaa sawa. Filamu yenyewe naipenda nusu; kelele zimezidi. Kule kukataa ndiko ninakokuheshimu zaidi. Mtu aliyelelewa na jukwaa hapandi akibabaisha maneno.

Ilipofika miaka ya 1960 sinema ikaanza kumpa kisogo, ukiacha Mamma Roma ya mwongozaji Pasolini, 1962. Akarudi alikotoka. Mwaka 1965, akiwa na miaka 57, alicheza La lupa, tamthilia ya mwandishi Verga, jukwaani, chini ya mwongozaji Zeffirelli, nafasi ya mwanamke mwenye tamaa inayotisha kijiji. Wenye sinema walikuwa wakimwona amezeeka kwa mambo hayo.

Mara ya mwisho tunamwona kwenye filamu ya mwongozaji Fellini iitwayo Roma, 1972. Ni usiku, anatembea akielekea kwake. Sauti ya Fellini inamfuata, inamsifu kwamba yeye ndiye mfano wa jiji lenyewe, inataka kumuuliza swali. Magnani anageuka mlangoni, anacheka kidogo, anamwambia hapana, sikuamini, nenda ukalale. Anafunga mlango.

Alifariki tarehe 26 Septemba mwaka uliofuata.