Marehemu Mzima wa Afya

Asubuhi ile spektromita ya masi, mashine ya maabara inayopima uzito wa molekuli, iliamka na kiburi. Niliiagiza ijirekebishe kama kawaida, ikaanza kupandisha volti za detekta, sehemu yake inayohisi molekuli: 1,400, 1,900, 2,500, mpaka ikagota kwenye 3,000, mwisho wa uwezo wake. Ikaandika kwa wekundu kwamba imeshindwa. Jana yake 1,400 zilikuwa zinaitosha kabisa.

"Detekta imekufa," nikatangaza kama tabibu.

Ni kweli detekta huchakaa, na kadiri inavyozeeka ndivyo inavyodai volti zaidi kwa kazi ileile. Ila huzeeka kwa miezi, haizeeki usiku mmoja. Hilo nalijua vizuri. Siku hiyo tu lilikuwa likizo.

Kijana wa mafunzo akaniuliza taratibu, "Kaka, mbona kilele cha 18 na cha 28 vinaonekana vizuri tu?"

Kilele ni alama ya molekuli kwenye grafu, na namba ni uzito wake: 18 ni maji, 28 ni naitrojeni, masalia ya hewa yasiyokosekana humo ndani. Maiti gani inaona hewa? Nikamwambia anishikie bisibisi.

Nikazima, nikasubiri mashine ipoe, nikavaa glavu, nikaing'oa detekta kama jino bovu. Kwenye boksi lake nikaandika MAREHEMU kwa kalamu nene. Wakati wa kufunga ile mpya, skrubu ndogo kama punje ya mtama ikaniponyoka. Nusu saa nzima nilitambaa chini ya meza na tochi ya simu mdomoni. Kisha pampu zikavuta hewa usiku kucha.

Kesho yake bosi akaja kushuhudia. Nikabonyeza. 3,000.

Hakuna aliyekohoa. Kijana akachutama, akachungulia kile kichupa cha kioo cha PFTBA, kimiminika ambacho mashine hujipimia nacho. "Kaka, hiki kikavu."

Mvuke wa kimiminika kile ndio unaotoa vilele vya 69, 219 na 502, ambavyo mashine huvitafuta inapojirekebisha. Ilivikosa, ikajiona kiziwi, ikazidi kuongeza volti. Sawa na mtu anayepandisha sauti ya redio kumbe stesheni imeshafunga. Na kichupa chenyewe hujazwa kwa nje, bila kuzima chochote!

Matone machache tu, ikatulia kwenye 1,200.

"Ile ya zamani iko wapi?" bosi akauliza.

Nikamletea boksi. Akasoma maandishi, akanitazama, akasoma tena. Nimeyasugua kwa asetoni, kwa methanoli, hata kwa kucha. Marehemu bado yuko kabatini, mzima wa afya, na jina lake halifutiki.