Malori yote yako Malaba

Mpigie simu mwenye gari yeyote wa Kampala umuulize mzigo wako umefika wapi. Atakuambia uko Malaba, pale mpakani mwa Kenya na Uganda. Uwe umekwama Mariakani, uwe haujatoka hata bandarini Mombasa, jibu ni lile lile: Malaba, kesho asubuhi mapema. Simsengenyi mtu, maana na mimi nimo. Nina malori mawili ya kubeba mizigo kutoka Mombasa, na ofisi ya chumba kimoja ghorofani karibu na Kikuubo, mtaa wa maduka ya jumla hapa Kampala, na kwa miaka mingi Malaba yangu mimi ilikuwa ndefu kuliko ile iliyo kwenye ramani.

Mwaka juzi nilibeba vigae vya mteja aliyekuwa anamalizia nyumba yake upande wa Kira. Mafundi walishaitwa, saruji ilishanunuliwa. Jumatatu nikampigia dereva. Ni mtu mzima, kanizidi umri, kwa hiyo namwita Mzee.

"Tumefika wapi, Mzee?"

"Tunakaribia, bosi."

Jumanne tukawa bado tunakaribia. Jumatano ikawa ni foleni tu. Na mimi huku, kwa mteja, nikawa nayapokea maneno hayo na kuyaongezea chumvi: limeshavuka mpaka, liko Iganga, dereva anakunywa chai. Kumbe gari lilikuwa limelala nje kidogo ya Bungoma, bado upande wa Kenya, tangu Jumapili, giaboksi imekufa, wao wawili wanapika ugali chini ya trela. Spea yake nilikuwa nayo stoo. Ningeambiwa Jumapili jioni, ningeipakia kwenye basi la usiku na mambo yangekwisha.

Aliyenieleza ukweli wote ni taniboi, msaidizi wa dereva, tena gari likiwa limeshafika na kushusha. Alikuwa anakunja turubai, hanitazami usoni. Nikamuuliza kwa nini hamkusema. Akavuta kona ya turubai, akaikanyaga, akasema: "Bosi, tungekuambia ungekata mshahara kwanza, halafu ndio uulize gari limeharibika nini."

Nilitaka kumfokea. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Kilichonizuia ni kile kineno chake cha "kwanza". Hakusema mimi ni mkali, wala hakusema nakata mshahara bila haki. Alikuwa ananionyesha mpangilio: kwangu adhabu inatangulia, swali linafuata. Na alikuwa na ushahidi. Miezi michache kabla, kioo cha pembeni kilivunjwa na pikipiki hapa hapa mjini, wakaja kuniambia wenyewe bila kuulizwa, nikawakata. Siku ile nilijiona meneja wa maana. Nikipiga hesabu sasa, kile kioo kilinigharimu siku nne za Bungoma na mteja wa Kira.

Siku hizi Kampala haipiti wiki bila semina ya uongozi. Ukumbi wa hoteli, kitambulisho shingoni, mzungumzaji kavaa kipaza sauti cha sikioni kama rubani. Nimehudhuria tatu. (Sambusa zilikuwa nzuri, sitasema uongo.) Tulifundishwa kusimama wima, kumtazama mtu machoni, kushika mkono wa mteja kwa nguvu, kuzungumza kwa kujiamini, kuijua ndoto yako na kuitangaza. Yote ya mdomo. Mimi mdomo ninao, na wafanyabiashara wengi ninaowafahamu wanao wa kuuza. Hakuna hata siku moja tuliyoulizwa: mfanyakazi wako wa chini kabisa akiharibu kitu saa hizi, habari itakufikia baada ya muda gani, na itapita kwa nani? Mimi naona hilo ndilo swali lote la uongozi katika biashara ndogo. Mwenye kampuni kubwa ana wakaguzi. Wewe una simu tu, na upande wa pili kuna mtu anayepima kama kusema kweli kutamlipa au kutamtia hasara.

Kuna jambo jingine, na hili nalisema kama Mganda ninayekula kwa Kiswahili. Mimi ni mtoto wa kambini. Baba alikuwa askari, na Kiswahili nilikiokota uwanjani kwenye gwaride kabla sijakikuta darasani. Hapa kwetu lugha hii ilipita njia hiyo hiyo. Wafanyabiashara wa pwani walitangulia kuja nayo, lakini wengi waliijua kupitia jeshi la wakoloni, King's African Rifles, ikabaki kuwa lugha ya amri. Amin akaitangaza lugha ya taifa mwaka 1973. Mwaka 1979 wanajeshi wa Tanzania waliomng'oa nao wakaja wakiizungumza. Kwa hiyo watu wengi wa rika la wazazi wangu hawakuisikia kwa bibi jikoni. Waliisikia kwenye vizuizi vya barabarani: simama, fungua, kaa chini, toa kitambulisho. Mwaka 2005 Katiba iliifanya lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likapitisha iwe somo la lazima shule za msingi na sekondari. Nafurahi. Naomba tu hao watoto wafundishwe na vile vyumba vyake vingine: samahani, tafadhali, pole na kazi, umeshindaje.

Maana nilipoanza kujisikiliza mwenyewe ofisini niliona aibu. Nikimbembeleza mteja, natumia Kiganda, na ssebo na nnyabo, yaani bwana na bibi, zinamiminika. Nikienda benki kuomba mkopo, nafungua Kiingereza changu cha Jumapili. Nikikasirika, Kiswahili kinapanda chenyewe, kifupi, bila salamu. Na madereva wangu, ambao mmoja ni wa Mbale na mwingine Mkenya, hawana lugha nyingine ya kuzungumza nami isipokuwa hiyo hiyo. Yaani wao wamekuwa wakipewa ile nusu ya gwaride peke yake. Mganda akimkuta hata mtu asiyemjua analima kando ya njia, humwambia "gyebale ko," ahsante kwa kazi, ndipo aulize anachotaka kuuliza. Mimi nilikuwa nampigia Mzee, mtu aliyeendesha usiku kucha katika njia ya kilomita 1,100 na ushei, na neno la kwanza ni "Uko wapi?"

Msichana wangu wa hesabu naye alinifumbua macho bila kukusudia. Amelelewa kwa adabu za Buganda, na kila akiniletea kitabu alikuwa anapiga magoti. Sikatai mila, mama yangu alipigiwa magoti akafurahi. Lakini siku moja hesabu ilipungua shilingi laki mbili na nusu, na nikamtazama pale chini, kitabu kimeshikwa kwa mikono miwili, sauti haisikiki, nikawaza: mtu ataanzaje kumwambia bosi wake "hii ni wewe uliyechukua Ijumaa hukuandika" akiwa amepiga magoti? Na kweli nilikuwa nimechukua mimi, nikalipa mekanika. Alijua. Alikuwa amekaa nalo tangu Jumamosi. Siku hizi kuna kiti cha pili upande wangu wa meza, na mambo ya pesa yanasemwa tumekaa wote wawili. Nyumbani kwao apige magoti atakavyo.

Nilifunga pia kifaa cha GPS kwenye magari yote mawili, kama kila mtu. Kinasaidia. Naona kidoti kwenye simu, naona kimesimama Bungoma. Hakinielezi kama kimesimama kwa giaboksi, kwa usingizi, au kwa sababu dereva kapata simu kwamba mtoto wake amelazwa. Hilo bado lazima mtu aniambie, na ataniambia akitaka.

Nilichobadilisha ni kidogo na kinanishinda mara kwa mara. Habari mbaya ikija, swali langu la kwanza liwe "Mko salama?", la pili "Mnahitaji nini kutoka huku?" Ya lawama yangojee gari lirudi, tukae, tuzungumze mchana. Na aliyesema mwenyewe, siku ile ile, hakatwi. Wenzangu wa Kikuubo wananiambia nimejifungulia mlango wa kuibiwa mafuta. Labda. Mwezi wa pili nilishindwa kabisa: Mzee alipiga saa nane usiku kusema tairi mbili zimepasuka mara moja, nikapiga kelele hadi mke wangu akawasha taa. Asubuhi nikampigia kumwomba radhi. Alikaa kimya muda, nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Haya, bosi, sasa tuma pesa ya tairi." Nadhani alikuwa anacheka.

Kigumu zaidi ni upande wa pili, wa wateja. Ukishaanza kuambiwa ukweli na watu wako, unabaki nao mkononi, wa moto, na lazima uupeleke kwa mtu. Nina mteja mmoja, au niseme nilikuwa naye, muuzaji wa jumla wa mabeseni na ndoo. Mwezi uliopita nilimpigia Jumatano nikamwambia mzigo wake hautafika Ijumaa kama tulivyopatana. Gari limeharibika, fundi yuko njiani, ahesabu Jumanne. Nilimwambia mapema makusudi, ili naye awaambie wanunuzi wake. Akawaka. Akasema tangu aanze biashara hajawahi kusikia mwenye gari anampigia mtu simu kumpa habari za kufeli. "Wenzako hawaniambii maneno kama haya." Mzigo ulifika Jumanne, akaupokea bila kunisalimia, akahamia kwa mwingine.

Juzi nimekutana naye pale Kikuubo, tumebanwa ukutani sote wawili tukiwapisha wapagazi. Nikamuuliza biashara. Akasema anangoja mzigo, umechelewa kidogo, wiki ya pili sasa.

"Umefika wapi?"

Akatoa simu mfukoni, akatazama ujumbe, akanijibu kwa utulivu kabisa.

"Uko Malaba."