Nusu Mtu Juu ya Punda

Nianze na suruali yenyewe ya jinsi, maana bila kuijua hamtaelewa kwa nini mtu mzima wa miaka 29 alijificha dukani nyuma ya gunia la vitunguu mchana kweupe.

Ni jinsi ya buluu, niliipata mtumbani Kongowea kwa shilingi 350 baada ya kuvutana na muuzaji mpaka adhana ya adhuhuri ikatuamua. Kazi yangu ni kuchanja mbuzi. Mnaocheka chekeni, lakini kwanza jaribuni kumkamata beberu wa kijiji cha Hindi, kule bara, mkiwa na deera. Kila asubuhi naondoka Amu, yaani Lamu, na buibui langu, navuka kwa boti hadi Mokowe, na pale nalivua, nalikunja, nalitia mkobani, napanda bodaboda. Jioni nalirudisha mwilini kabla boti haijang'oa. Bibi, ambaye naishi naye Langoni, anajua nafanya kazi "ofisini". Uongo si uongo: ofisi ipo, ina meza na friji ya chanjo. Ni mbuzi tu sikuwataja. Na suruali.

Suruali ningeitajaje? Bibi ana kauli yake: suruali ya mwanamke ni kama miwani ya punda, haimfai mvaaji na inamchekesha mpitaji.

Sasa beberu mmoja, Mungu amlaani kwa upole, alinipiga pembe nikiinama, akanipasua jinsi kwenye kalio la kulia. Nikahitaji kiraka. Chini ya kapu la nguo kuukuu nikaona leso, sijui imekaa humo tangu lini, nikakata pembeni kipande cha kiganja. Nikashona usiku kwa tochi ya simu. Asubuhi ndipo nikaona nilichokata. Jina la leso ile lilikuwa WASEMAO NA WASEME, na kiraka changu, kwa herufi kubwa nyeusi, kilibeba NA WASEME.

Nikasema, potelea mbali. Kisiwani buibui linafunika, na bara nyuma yangu huwa kuna mbuzi tu, hawajui kusoma.

Miaka miwili jinsi ile ilikuwa ikikauka chumbani, nyuma ya mlango, na nguo nzito ikikaukia ndani inanuka kama dema la samaki lililosahauliwa juani. Kwa hiyo Jumamosi moja ya Julai, Bibi alipoalikwa arusini Shela na kuaga kwamba atarudi magharibi, niliona nimeangukiwa na lulu. Nikaifua kwa raha. Nikapanda juu darini, nikaianika peupe, vibanio viwili, nikashuka kupika chai.

Kusi la Julai halina adabu, na mimi niliyezaliwa hapa nililijua hilo kabla sijajua kuhesabu. Nilisikia kamba ikipiga ukuta, nikakimbia juu, nikakuta kibanio kimoja kimebaki kinaning'inia. Nikachungulia chini.

Chochoro letu ni lile la punda wawili wenye shogi za mizigo kutopishana. Na aliyekuwa akipita wakati ule alikuwa mmoja, hana shogi, hana mtu, anakwenda zake. Jinsi ilikuwa imemdondokea mgongoni barabara: mguu huku, mguu huku, kiuno kimekaa wima kwa sababu ilikuwa mbichi na nzito, imeanza kukakamaa kwa jua. Wallahi ukimwona kwa mbali ungesema kuna mtu amepanda punda halafu kuanzia kitovu kwenda juu amesahauliwa nyumbani.

Nikajitupia leso na kuteremka. Punda wetu mnawajua. Akiwa na mzigo wa mchanga unamsukuma kwa mabega hasogei, lakini siku ile, mzigo wake nguo moja, alikuwa na safari. Akashika Usita wa Mui, njia kuu ya mji. Watoto watatu wakawa nyuma yake, kisha saba, wakiimba "Nusu mtu! Nusu mtu!" Mimi nyuma ya watoto, natembea mwendo wa mtu asiyehusika.

Akaenda akasimama Mkunguni, mbele ya Ngome, penye kivuli. Kivuli kile ndicho baraza la wazee. Na katikati ya baraza, kahawa mkononi, amekaa Ami yangu.

Ndipo nikaingia dukani.

"Nikupe nini?" akauliza muuza duka.

"Nazi mbili," nikasema, nikajikunyata nyuma ya gunia.

Nje pakawa kimya kidogo, kile kimya cha wazee wakitafuta neno. Ami akalipata. "Hii suruwali ni ya mwanamke. Tazameni kiuno, tazameni nyonga. Mwanamume gani ana nyonga hizi?"

Mmoja akasema pengine ni ya mtalii. Ami akakataa: watalii wa Shela wanavaa kaptula. Kijana mmoja wa boti akaishika, akajipimia mwenyewe mbele, akasema inamfaa, anaichukua. Akapigwa kofi la mkono. Kisha mmoja akaigeuza kuitazama nyuma, na nikasikia sauti inasoma polepole, kama mtoto wa chuoni: "Na... wa... se... me."

Baraza zima likaangua kicheko, isipokuwa Ami. Yeye akasema huo ndio ufedhuli wa wasichana wa siku hizi, wamefika hata kuwatukana wazee kwa makalio.

"Nazi mbili nyingine," nikamwambia muuza duka, maana alikuwa anaanza kunitazama.

Hapo mwalimu mstaafu, mzee ambaye baraza linamwogopa kwa sababu ana simu yenye intaneti na muda, akakohoa. Akasema waungwana, tusiseme siku hizi. Akatoa picha ya Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, yule aliyetoroka Unguja mwaka 1866, akaipitisha mkono kwa mkono. Binti wa Sultani, kavaa kanzu, na chini ya kanzu suruali imechungulia mpaka vifundoni. "Bibi zetu wa Unguja walikuwa na suruwali za marinda," akasema, "wakati babu zetu sisi wamefunga vikoi."

"Hiyo ni suruwali ya heshima," akasema Ami.

"Na hii ina kosa gani?"

"Hii imepanda punda."

Mwalimu hakucheka. Akamuuliza Ami kama buibui analolisimamia ni la tangu Adamu. Si lilikuja mwanzoni mwa karne ya 20? Kabla yake mabibi wa mui huu wakitembea ndani ya shiraa, hema zima la kitambaa linashikiliwa na watumwa, na mwenye wikio, daraja la juu la kuunganisha nyumba, akivuka kutoka nyumba hata nyumba juu kwa juu, asikanyage ndia kabisa. Buibui lilipoingia ndilo lililokuwa la kisasa. (Mimi nyuma ya vitunguu nilitamani kupiga makofi. Nikajizuia.)

Kisha akawapeleka Ufaransa. Mwaka 1800 polisi wa Paris walitoa amri: mwanamke anayetaka kuvaa nguo za kiume aombe kibali. Baadaye wakailegeza: anaruhusiwa suruali, lakini awe ameshika usukani wa baiskeli au hatamu za farasi. Na amri ile, akasema, ilikaa kwenye vitabu vyao mpaka 2013 ndipo waziri wao akatangaza kwamba haina nguvu tena.

"2013 hii hii?" akauliza mmoja.

"Hii hii. Na Malawi, enzi za Kamuzu Banda, ilikuwa sheria: mwanamke hana ruhusa ya suruwali. Na Khartoum 2009 walimkamata mwandishi wa habari, Lubna Hussein, kwa suruwali tu. Aliambiwa alipe faini, akasema afadhali jela."

Baraza likanywa kahawa. Halafu yule kijana wa boti akauliza swali ambalo mpaka leo sijui kama alikuwa na dhihaka au na haja ya elimu.

"Mwalimu, Wafaransa walisema farasi. Na punda je?"

Mwalimu akafikiri kwa dhati. "Punda hawakumtaja," akasema. "Lakini kwa kulinganisha ni yale yale. Mradi awe ameshika hatamu."

Mimi nikiwa nahesabu nazi zangu nne na kutafuta njia ya kumfuata punda hata atakapowachoka wale, ikatia nanga boti ya Shela. Kumbe bwana arusi aliumwa na jino, nikaha ikaahirishwa. Nikaona buibui lile la zamani, la kujifunga kichwani kwa kamba, linapanda kutoka pwani. Bibi. Saa nane mchana.

Watu wakampisha. Shikamoo, marahaba, shikamoo, marahaba. Akafika kwa punda, akasimama. Akasogeza macho karibu na kalio la jinsi mpaka nikadhani anainusa.

"Leso yangu!"

Ami akainuka. "Mama, hiyo ni suruwali ya..."

"Nimeona ni suruwali, mimi si kipofu. Nasema hii ni leso yangu. Doti yangu ya hajj! Tangu Ramadhani natafuta kipande cha pili!" Akamgeukia mwanawe, na sauti ikashuka kidogo, si sana. "Na mimi miezi yote hii nimemdhania mkeo."

Kahawa ya Ami ikamwagika yote kanzuni. Baraza likatazama baharini, kila mtu akavutiwa ghafla na jahazi lake.

Nikatoka. Sikuwa na budi. Mke wa Ami ananilishia pilau kila Iddi, siwezi kumwachia wizi wa leso. Nikasimama mbele ya wazee kumi na mmoja na punda, nazi mbili kila mkono, nikasema, "Bibi, ni mimi. Na ni yangu."

Alinitazama. Akaitazama jinsi. Akasema neno moja, "Ndoo," yaani njoo, akaivuta mgongoni mwa punda, akaitia kwapani, tukaenda. Nyuma yetu nilimsikia Mwalimu anaomba arudishiwe simu yake.

Nyumbani niliungama yote: mbuzi, bodaboda, beberu. Nilitegemea nitaambiwa juu ya heshima. Badala yake alikata kile kiraka kwa wembe, akakipiga pasi, akakishona kwenye pengo lake katika leso, kimya saa nzima. Halafu akaishika jinsi kwa vidole viwili, kama mtu anayemshika papa asiye na hakika kuwa amekufa. Akatia mkono mfukoni. Mkono ukaingia mpaka kwenye bangili. Akautoa na noti ya mia mbili niliyoisahau, imefuliwa mpaka imekuwa laini kama kitambaa.

"Hii mifuko," akasema, "yote ina kina hiki?"

"Yote minne, Bibi."

Mwezi uliotangulia elfu moja yake ilikuwa imefunguka pindoni mwa leso katikati ya mkondo wa Manda. Hakuitaja. Aliutia mkono tena, akautoa, akanitaka nitie kiraka kingine, cha rangi moja, na nisikate leso ya mtu.

Jumatatu ya wiki iliyofuata niliitafuta jinsi nisiione. Nikaenda Hindi na deera, nimelikusanya ngumi moja, na mbuzi walifurahi sana. Saa nne simu ikalia. Ami.

"Bibi yako amepita hapa Mkunguni. Anasema anakwenda Matondoni kumtazama mgonjwa."

"Amekwenda na boti?"

"Na punda." Akanyamaza. "Amekaa huku na huku. Na chini ya buibui nimeona kitu cha buluu."

Beberu alikuwa ameanza kunitafuna pindo la deera. Nikamuuliza Ami nani aliyekuwa akimwongoza yule punda.

"Hakuna. Hatamu ameshika mwenyewe."

"Basi, Ami," nikasema, "muulize Mwalimu."