Nani afunguliwe moduli ipi?

Timu inayoweka msimbo wake wote katika hazina moja, yaani ghala linalotunza msimbo na historia ya mabadiliko yake, haikosi kufikia ubishi huu: kila msanidi aone kila moduli, au ile ya malipo wafunguliwe wachache tu? Wanaotaka kufunga wana hoja nzito. Mkandarasi wa miezi mitatu aliyeletwa kutengeneza kurasa za tovuti hana shughuli na hesabu za mishahara, na siku akiondoka, nakala iko kwenye laptopu yake.

Subversion, mfumo wa kutunza matoleo ya msimbo, ina nyenzo ya kazi hiyo. Kwenye faili la authz, linaloorodhesha ruhusa, unaandika [/trunk/malipo] (trunk ni folda ya msimbo mkuu), chini yake @fedha = rw, yaani kundi la fedha lisome na kuandika, kisha * =, yaani kila mtu, na kuacha wazi mbele yake. Basi, wengine wote wamefungiwa. Shida huja baadaye, kwa sababu kanuni ile inalinda njia ya folda, hailindi msimbo wenyewe. Mtu wa fedha akinakili trunk kuwa tawi la kufanyia kazi pembeni, /branches/jaribio, malipo nayo yamekwenda, na huko hakuna mstari unaoyakinga. Toleo la 1.10 la mwaka 2018 lilileta kanuni moja inayoweza kushika njia nyingi, ila lazima mtu akumbuke kuiandika. Naye aliyefungiwa akichukua trunk haonyeshwi kosa lolote: folda haipo tu, na programu inagoma kujengwa. Komiti, yaani badiliko lililohifadhiwa, ikigusa hata faili moja lililofichwa, maelezo yake hayaoni. Anapoteza nusu siku akisaka kosa lisilo lake.

Kwa Git, mfumo mwingine wa kazi hiyo hiyo, aliyeruhusiwa kuvuta hazina huvuta yote, historia pamoja nayo. Kinachoweza kuzuiwa kwa folda ni kuandika: Gitolite, programu ya kusimamia ruhusa za hazina za Git, inaweza kukataa mabadiliko yaliyogusa njia iliyokatazwa, na faili la CODEOWNERS kwenye GitHub, tovuti ya kuhifadhi hazina, huwaita wenye moduli wakague kwanza.

Mimi naegemea njia hiyo ya kuacha usomaji wazi na kukagua uandishi, na sababu yangu ni xz, programu huria ya kubana mafaili. Machi 2024 msanidi Andres Freund aliona SSH, njia ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali, inachelewa kama nusu sekunde, akafuatilia hadi akakuta mlango wa siri katika matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya xz. Aliyeupandikiza alikuwa mtunzaji mwenye ruhusa halali, aliyejenga imani kwa zaidi ya miaka miwili. Na sumu yenyewe aliificha kwenye mafaili ya majaribio, folda ambayo nani angefikiria kuitia kufuli? Wafanyakazi wasome kote, lakini badiliko lolote, hata la majaribio, lipite kwa jicho la pili. Funguo na data za wateja zitoke kwenye hazina kabisa. Mkandarasi apewe hazina yake.