Mwajuma kawakosea nini?

Binamu yangu kajifungua mtoto wa kike, Ijumaa asubuhi, mtoto mzima wa afya, alhamdulillah. Bibi akatuma voisi kwenye grupu la familia, anasema huyo ni Mwajuma, jina la mama yake mzazi, na siku yenyewe imejileta, basi hakuna haja ya kuhangaika. Weee! Hapo hapo grupu likajaa vikatuni vya kucheka mpaka machozi. Mmoja kaandika "Mwajuma Ndala Ndefu kaingia mjini", mwingine "bibi unataka mtoto akose mchumba". Bibi meseji hasomi, ila vikatuni anaviona. Akanyamaza. Mtoto kaitwa Ilham.

Ilham ni jina zuri, sibishani, na mtoto ni wao sio wangu. Ila kitu kimoja nakiuliza kila siku na sijibiwi: mbona Juma hachekwi?

Maana ni siku ile ile jamani. Wa kiume akizaliwa Ijumaa ni Juma, wa kike ni Mwajuma. Juma yuko kwenye vitabu vya darasa la kwanza, anaokota embe, anacheza mpira, anakua anakuwa sheikh, anakuwa mbunge, anakuwa kocha, hakuna anayeangua kicheko. Dada yake ndio katuni la taifa. Kila anayerekodi kichekesho akitaka mwanamke wa kugombana bombani, kanga moja, mdomo mchafu, amedaiwa vikoba mpaka kajificha uvunguni, jina tayari, Mwajuma! Hata hawafikirii. Mwanaume tapeli kwenye hicho hicho kichekesho anaweza kuitwa jina lolote, mwanamke maskini lazima awe Mwajuma. Hapo hatucheki jina, tunacheka uswahilini, tunamcheka mama wa nyumba ya kupanga aliyekusomesha kwa vitumbua, na tukishamcheka vya kutosha tunakimbia jina lake kama ukoma.

Halafu hao hao kila Ijumaa asubuhi wanapost "Jumaa Mubarak" na picha ya msikiti na waridi linang'aa. Siku ni tukufu, ila mtoto asiitwe siku hiyo. Haya.

Na sio jina la kuokota jalalani. Pwani hii "Mwana" ilitangulia majina ya wanawake wa heshima zao, Mwana Mkisi anayetajwa kwenye masimulizi ya mwanzo kabisa ya Mombasa, Mwana Khadija aliyetawala Pate, Mwana Kupona binti Msham aliyemtungia bintiye utenzi mwaka 1858 na mpaka leo unasomwa. Wa kina Mwajuma wengi ni "mtoto wa Ijumaa" tu, sawa, nakubali, sio malkia, ila wamo kwenye ukoo mmoja na Mwanahamisi wa Alhamisi, Mwanaidi wa Idd, Mwanashaban wa Shaaban. Zamani ukisikia jina la mtu unajua alikuja lini bila kuuliza cheti.

Nenda Ghana. Kwa Waakan mtoto wa kiume wa Ijumaa ni Kofi, wa kike ni Afua. Kofi Annan kawa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa miaka 10, 1997 mpaka 2006, dunia nzima inamtaja kwa adabu, na yule bwana kwa hesabu zetu ni Juma! Kwame Nkrumah naye ni Jumamosi tu. Sisi siku zetu tunazionea aibu, za wenzetu tunaziona za kifalme.

Mtaniambia mtoto atataniwa shule. Atataniwa, ndio, na hilo linaniuma kulikubali maana nimesoma na Mwajuma, kafika sekondari akawa anaandika "Mwajey" kwenye madaftari yote, mwalimu akiita rejista anaitika kabla jina halijaisha. Lakini anayetania kafundishwa na nani kama sio sisi na simu zetu? Mwanaidi Maajar kaenda kuwa balozi wetu Uingereza, kisha Marekani, na jina lake la Mwanaidi, hakulificha. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab, alizaliwa akaitwa Mtumwa, Mtumwa jamani, akafika mpaka Bombay 1928 kurekodi santuri, leo wangapi wanaitwa Siti kwa raha zao?

Mimi wa kwangu yuko tumboni, tarehe ya daktari inaangukia Ijumaa. Mume wangu kashasema akiwa wa kike ni Hayrat, kaliona mtandaoni. Tutaona nani atawahi kufika RITA kuandikisha cheti cha kuzaliwa.